Katika Lugha Anayoielewa: Kazi ya Wakili wa Ajira na Ushindani

Mwalimu mlezi wa chama aliniomba niandike somo kuhusu kazi ambayo mwanafunzi apendaye Kiswahili anaweza kuifanya baada ya shule. Wenzangu bwenini walidhani ningeandika juu ya utangazaji au ualimu. La hasha! Nimechagua uwakili. Tena si ule wa kesi za mauaji tunaouona kwenye runinga, bali uwakili wa sheria za ajira na sheria za ushindani wa kibiashara. Sababu ya kuchagua kazi hii niliipata nyumbani kwetu, na kwa hivyo nitaanzia hapo.

BARUA YA MISTARI MITATU

Tarehe 12 Novemba 2020, baba alirudi nyumbani saa nne asubuhi. Alikuwa mpakiaji katika ghala la kiwanda kimoja mjini kwetu, na alikuwa amefanya kazi hapo miaka kumi na mmoja. Siku za kazi hatukuwa tukimwona kabla ya jua kutua. Aliketi kwenye kiti, akatoa bahasha mfukoni, akaniita. Baba huniita "mama" kwa kuwa nilipewa jina la mama yake.

"Mama, hebu nisomee hii karatasi."

Nilikuwa darasa la tano. Barua ilikuwa ya Kiingereza, mistari mitatu tu. Nilisoma kila neno kwa sauti, lakini maana yake ilinipita kama upepo. Nilielewa mwisho wake.

"Inasema kazi imeisha, baba."

"Inasema nimefanya nini?"

Nikaisoma tena. "Haisemi."

Baadaye tulikuja kujua kwamba mizigo fulani ilikuwa imepotea ghalani, na watu watatu wa zamu ile walifutwa siku moja bila kuulizwa lolote. Baba alipewa mshahara wa siku alizokuwa amefanya kazi mwezi ule. Kabla ya kuupokea alitiishwa sahihi karatasi nyingine, nayo pia ya Kiingereza. Aliambiwa, "Weka sahihi hapa upokee pesa yako." Akaweka.

Baba si mtu wa maneno mengi. Alisema, "Mnyonge hana haki," akaanza kufanya kibarua cha mjengo. Miaka ikapita. Nyumbani hatukuitaja barua ile tena, ingawa mama aliihifadhi ndani ya Biblia pamoja na vyeti vyetu vya kuzaliwa.

Mnamo Septemba 2023 mawakili walikuja kutoa ushauri wa bure mjini kwetu. Mama ndiye aliyemsukuma baba aende. Baba naye akanichukua, nadhani kwa sababu ya ile barua. Tulipiga foleni tangu saa mbili hadi saa saba, kisha tukaketi mbele ya mwanamke mmoja mwenye miwani, ambaye katika somo hili nitamwita Wakili. Aliisoma barua mara moja. Akaitazama tarehe. Kisha akauliza swali ambalo sisi hatukulitarajia.

"Mzee, kwa nini umekaa hivi? Zimebaki wiki chache tu!"

Hapo ndipo somo langu linapoanza.

SHERIA YA AJIRA INASEMA NINI?

Sheria kuu ya ajira nchini Kenya ilitungwa mwaka 2007 na kuanza kutumika Juni 2008. Katiba ya mwaka 2010 nayo, katika kifungu cha 41, inampa kila mtu haki ya kutendewa kwa usawa kazini. Haya hayakuja kwa bahati. Makhan Singh alianza kuunda chama cha wafanyakazi katika miaka ya 1930, na serikali ya kikoloni ikamweka kizuizini kutoka mwaka 1950 hadi 1961. Mwaka 1947 wafanyakazi wa Mombasa waligoma, na kiongozi wao Chege Kibachia alikamatwa na kuhamishiwa Baringo. Mahakama ya kusikiliza migogoro ya kazi ilianzishwa mwaka 1964. Chini ya Katiba mpya iligeuzwa kuwa Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, yenye hadhi sawa na Mahakama Kuu.

Sheria yenyewe ni ndefu. Wakili alinifunza nianze na mambo sita, nami nawapa kama nilivyoyapokea:

1. Mkataba. Kazi ya miezi mitatu au zaidi sharti iwe na mkataba ulioandikwa, na ni wajibu wa mwajiri kuuandaa. Ikiwa mfanyakazi hajui kusoma, au haelewi lugha ya mkataba, mwajiri lazima ahakikishe ameelezwa kwa lugha anayoielewa.

2. Kusikilizwa. Kabla ya kumwachisha mtu kazi kwa utovu wa nidhamu, kwa kazi duni au kwa kutojiweza kiafya, mwajiri sharti amweleze sababu, tena kwa lugha anayoielewa. Mfanyakazi ana haki ya kuwa na mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi katika kikao hicho, na ajitetee. Hata anayedaiwa kuiba lazima asikilizwe kwanza.

3. Sababu. Kesi ikifika kortini, ni mwajiri anayepaswa kuthibitisha sababu ya kumwachisha mtu kazi. Akishindwa, hatua hiyo huhesabiwa kuwa si ya haki.

4. Kupunguzwa. Kazi zikipungua bila kosa la mfanyakazi, mwajiri hutoa ilani ya mwezi mmoja au zaidi, na afisa wa kazi wa serikali huarifiwa. Kisha mfanyakazi hulipwa malipo ya siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka mzima aliofanya kazi. Hebu tupige hesabu: aliyefanya kazi miaka 9, na ambaye malipo yake ya siku ni shilingi 800, atapata siku 135, yaani shilingi 108,000. Pesa hizi ni mbali na likizo ambayo hakuichukua.

5. Fidia. Aliyeachishwa kazi isivyo haki anaweza kulipwa fidia isiyozidi mshahara wa miezi 12. Mahakama ikiona inafaa, yaweza hata kuamuru arudishwe kazini.

6. Muda. Madai yapelekwe kortini kabla ya miaka mitatu kwisha tangu kosa litendeke. Baada ya hapo mlango umefungwa, na hata hakimu mwenye huruma hana ufunguo.

Jambo la sita ndilo lililomshtua Wakili. Aliandika madai ya baba na kuyawasilisha tarehe 20 Oktoba 2023, zikiwa zimebaki siku 23. Wale wenzake wawili wa zamu je? Mmoja alifuata njia ya baba, wakashtaki pamoja. Wa pili alikuwa amerudi mashambani. Alifika ofisini kwa Wakili mapema mwaka 2024, akiwa na barua ile ile, ya tarehe ile ile, yenye mistari mitatu ile ile. Wakili alimpa chai, akamweleza polepole kwamba hakuna la kufanya. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Methali hii tunaiandika katika insha kila muhula, lakini mimi nimeuona uso wa mtu aliyeumizwa nayo.

SIKU YA USHAHIDI

Kesi ilisikizwa Agosti 2024, nikiwa likizoni. Siku hizi kesi nyingi za mahakama hiyo husikizwa kwa njia ya video, kwa hivyo baba alitoa ushahidi akiwa mbele ya kompyuta ofisini kwa Wakili. Mimi niliketi kwenye benchi nyuma, nisionekane. Jaji alizungumza Kiingereza, na karani wa korti alitafsiri.

Wakili wa kiwanda alimwuliza baba kuhusu ile karatasi ya pili aliyoitia sahihi. Kwa Kiingereza karatasi ile ilikuwa na neno ambalo laweza kuwa na maana mbili: mtu kuachiliwa, au deni kufutwa. Karani akatafsiri haraka:

"Unaulizwa, ni kweli ulikubali kwamba umeachiliwa?"

"Ndiyo," baba akajibu. "Waliniachilia saa tatu hivi, nikaenda nyumbani."

Niliona wakili wa kiwanda akiandika. Nilihisi moyo ukienda mbio, maana hata mimi niligundua kwamba baba alikuwa amejibu swali ambalo hakuulizwa. Yeye alidhani wanamwuliza kuhusu saa aliyotoka langoni. Kumbe kwa kusema "ndiyo" alikuwa anakubali kwamba hadai chochote!

Wakili wetu aliomba ruhusa, akasema tafsiri haikuwa sawa. Jaji akakubali swali lirudiwe kwa Kiswahili chepesi. Karani akasema:

"Mzee, karatasi hii inasema kwamba ukishapokea pesa hizi, hutadai kitu kingine chochote kutoka kwa kiwanda, leo wala kesho. Ulijua hivyo ulipoitia sahihi?"

Baba alinyamaza kidogo. "Hapana. Hakuna aliyeniambia hivyo. Niliambiwa ni karatasi ya kupokea pesa. Ningejua, ningeuliza."

Hukumu ilisomwa Mei 2025. Mahakama ilisema kwamba karatasi ya namna ile haimfungi mtu ambaye hakuielewa, kwamba baba hakusikilizwa, na kwamba kiwanda hakikuthibitisha sababu. Alipewa mshahara wa mwezi mmoja badala ya ilani, malipo ya likizo alizonyimwa na fidia ya miezi mitano. Si utajiri, lakini karo yangu ya mwaka huu imetoka humo. Nyumbani, baba alinyoosha mkono akachukua nakala ya hukumu na kuniambia nimsomee, safari hii kwa Kiswahili, sentensi moja moja. Ilituchukua jioni nzima.

SHERIA YA USHINDANI NI NINI?

Desemba mwaka jana, Wakili aliniruhusu nikae ofisini kwake wiki moja, nipange faili na kujionea kazi. Nilitarajia kukuta kesi za wafanyakazi tu. Nikakuta nusu ya kabati ina faili za ushindani. Nilipomwuliza maana yake, aliniuliza swali:

"Binti yangu, pale langoni kwa shule yenu kuna akina mama wangapi wanaouza mandazi?"

"Wawili."

"Bei?"

"Shilingi kumi kumi, wote."

"Je, wamevunja sheria?"

Nikasema ndiyo. Akacheka. Kumbe bei kufanana si kosa. Huenda kila mmoja anamchungulia mwenzake tu, na unga wameununua duka moja. Kosa ni kupatana. Wakikutana jioni na kusema, "Kuanzia Jumatatu sote tutauza kumi na tano, na wewe ukae upande wa lango kubwa, mimi nikae upande wa lango dogo," hapo mwanafunzi hana pa kukimbilia. Bila shaka serikali haitawafuata akina mama wa mandazi. Lakini badala ya mandazi weka saruji, unga, dawa au nauli, na badala ya mama wawili weka kampuni kubwa, ndipo utaelewa kwa nini sheria ikatungwa.

Sheria ya Ushindani ya Kenya ni ya mwaka 2010, nayo ilianza kutumika Agosti 2011. Ilichukua nafasi ya sheria ya awali iliyotungwa mwaka 1988, siku ambazo serikali bado ilikuwa ikipanga bei za bidhaa nyingi. Msimamizi wake ni Mamlaka ya Ushindani ya Kenya. Kwa ufupi, inakataza mambo makuu matatu:

(a) Wafanyabiashara kupatana kupandisha bei, kugawana wateja au kupunguza bidhaa sokoni.

(b) Kampuni yenye nguvu nyingi, kwa mfano inayoshika nusu ya soko au zaidi, kutumia nguvu hizo vibaya ili kuwafukuza wadogo.

(c) Mnunuzi mkubwa kumkandamiza muuzaji mdogo, kama vile kumcheleweshea malipo bila sababu ya maana au kumtwika gharama zisizo zake.

Adhabu ya kupatana yaweza kufika asilimia 10 ya mauzo ya kampuni nchini ya mwaka uliotangulia. Agosti 2023, Mamlaka ilitangaza kuzitoza kampuni tisa za chuma faini ya jumla ya shilingi milioni 338.8 kwa kupatana juu ya bei. Chuma hicho ndicho kinachojenga madarasa yetu na nyumba za wazazi wetu. Bei ikipandishwa kwa siri, kila mwenye kuweka msingi hulipa bila kujua. Sheria pia ina ujanja wake: mshirika anayejitokeza na kukiri hupunguziwa adhabu, kwa hivyo kila mmoja katika njama huishi akimshuku mwenzake.

Sisi husema, wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi. Wakili alisema katika biashara methali hii hugeuka. Fahali wakipigania wateja, nyasi hunenepa, kwa sababu bei hushuka na bidhaa huwa bora. Fahali wakipatana ndipo nyasi huliwa hadi mizizi.

SHERIA MBILI, SHINA MOJA

Nilijiuliza: mtu mmoja anawezaje kushika mambo mawili yasiyohusiana? Siku ya tatu ofisini nikaona kwamba yanahusiana sana. Katika sheria zote mbili kuna mwenye nguvu na asiye na nguvu, na sheria imesimama katikati. Isitoshe, kuna mahali zinapokutana kabisa.

Kwanza ni pale kampuni mbili zinapoungana. Kampuni ya kwanza ina mhasibu, ya pili ina mhasibu. Zikiwa moja, mmoja wao anaanza kulala macho wazi. Kwa sababu hiyo sheria yetu inaitaka Mamlaka, kabla ya kuidhinisha muungano, iangalie pia utakavyoathiri ajira. Mara kadhaa imetoa kibali kwa sharti kwamba wafanyakazi wasipunguzwe kwa muda fulani. Afrika Kusini ilitoa mfano mkubwa. Walmart ya Marekani ilipoinunua Massmart mwaka 2011, iliwekewa sharti la kutopunguza wafanyakazi kwa miaka miwili. Mwaka 2012 Mahakama ya Rufaa ya Ushindani ya huko iliamuru wafanyakazi 503 waliokuwa wamepunguzwa kabla ya muungano warudishwe kazini.

Pili ni pale waajiri wanapopatana kutochukuliana wafanyakazi. Nchini Marekani, mwaka 2010 Wizara ya Sheria ilizishtaki Apple, Google, Intel, Adobe, Intuit na Pixar kwa makubaliano ya namna hiyo. Baadaye wafanyakazi zaidi ya 64,000 walifungua madai yao, na mwaka 2015 mahakama ikaidhinisha kampuni nne kati ya hizo zilipe dola milioni 415. Fikirini: wahandisi wenye mishahara minono nao walikuwa wanyonge, kwa kuwa hawakujua kwamba milango mingine imefungwa.

Tatu ni sharti la mkataba linalomkataza mfanyakazi kufanya kazi kwa mshindani baada ya kuondoka. Kenya ina sheria maalumu inayoiruhusu mahakama kulitupa sharti kama hilo likiwa limezidi kiasi. Siku moja aliingia kinyozi kijana aliyeambiwa na mwajiri wake wa zamani kwamba haruhusiwi kunyoa popote mjini kwa miaka mitano. Wakili alimsomea mkataba wote kwa Kiswahili, kisha akampigia mwajiri simu. Walizungumza dakika ishirini, wakapatana bila korti. Nilishangaa.

"Hiyo si kesi umeipoteza?" nikamwuliza.

"Kesi nzuri ni ile isiyofika kortini," akanijibu. "Nikimzuia mwajiri kuandika barua mbaya asubuhi, nimefanya kazi kubwa kuliko kushinda miaka miwili baadaye."

Naam, nisiwafiche: Wakili huwatetea waajiri pia. Mwanzoni jambo hili lilinichoma. Nilihisi kama msaliti amekaa kwenye kiti cha mtu aliyemsaidia baba. Akanieleza kwamba hawezi kamwe kuwatetea wote wawili katika mgogoro mmoja, lakini mwajiri naye ana haki ya kuelezwa sheria. Waajiri wengi wadogo hukosea kwa kutojua, si kwa uovu. Sijui kama nimekubali moja kwa moja, lakini nimeelewa.

NJIA YA KUFIKA HUKO

Wenye nia, fungueni masikio. Njia ni ndefu, lakini inajulikana:

Kwanza, shahada ya sheria chuo kikuu, miaka minne. Pili, Chuo cha Sheria cha Kenya kilichoko Karen, Nairobi, pamoja na mitihani ya Baraza la Elimu ya Sheria. Tatu, miezi sita ya uanagenzi chini ya wakili mzoefu. Nne, kuapishwa mbele ya Jaji Mkuu na kutia sahihi orodha ya mawakili. Baada ya hapo unajiunga na Chama cha Mawakili cha Kenya na kuchukua cheti cha kazi kila mwaka.

Wakili wetu aliapishwa mwaka 2008, mwaka ule ule sheria ya ajira ilipoanza kutumika. Wazee wa ofisi walikuwa wamezoea sheria ya zamani, na kijana aliyesoma mpya akatupiwa faili zote. Mwaka 2011 sheria ya ushindani ilipoanza, mambo yakawa hivyo hivyo. "Sikuchagua," aliniambia. "Nilikuwa macho tu mlango ulipofunguliwa."

Masomo gani yanafaa? Historia, kwa sababu kila sheria ina kisa. Hisabati, kwa kuwa wa ushindani hupiga hesabu za soko, na wa ajira hupiga hesabu za siku na mishahara. Kiingereza, kwa kuwa sheria zetu nyingi zimeandikwa humo. Na Kiswahili! Msidhani napendelea chama chetu. Sheria ya Chuo cha Sheria cha Kenya, ilipotungwa mwaka 2012, ilitaja alama ya B katika Kiingereza au Kiswahili miongoni mwa masharti ya kuingia.

KAZI YETU NI IPI?

Turudi kwa baba. Sheria ilikuwa upande wake tangu siku ile ya kwanza. Ilikaa miaka mitatu kasoro, ikimngoja, na yeye hakujua kwa sababu ilikuwa imeandikwa katika lugha ya bahasha. Kisha siku ya ushahidi, neno moja lililotafsiriwa kwa haraka lilikaribia kumnyang'anya kila kitu. Watunga sheria walijua hatari hii, ndiyo maana wakasema mara mbili: katika lugha anayoielewa.

Nani atafanya maelezo hayo? Baadhi yetu tutakuwa mawakili, makarani wa korti, maafisa wa wafanyakazi, viongozi wa vyama na waajiri. Lakini hata leo, nyumbani kuna mzazi, shangazi au jirani mwenye karatasi iliyofichwa ndani ya Biblia, Kurani au chini ya godoro. Likizo hii, mwombe akuonyeshe. Isome. Tazama tarehe kwanza. Usijifanye wakili, mweleze inavyosema kwa Kiswahili chepesi, kisha mwende pamoja kwa afisa wa kazi au kwa wakili. Usipoelewa neno, sema hujalielewa. Mimi darasa la tano niliona haya kusema hivyo, nasi tukapoteza karibu miaka mitatu.

MSAMIATI

Kujiuzulu: kuacha kazi kwa hiari yako.
Kustaafu: kuacha kazi kwa kufikia umri uliowekwa.
Kuachishwa kazi: kuondolewa kazini na mwajiri.
Kufutwa kazi: kuondolewa mara moja kwa kudaiwa kutenda kosa kubwa.
Kupunguzwa: kuondolewa kwa sababu kazi zimepungua, bila kosa lako.
Ilani: taarifa inayotolewa kabla ya hatua kuchukuliwa, mtaani husema notisi.
Fidia: malipo ya kumliwaza aliyetendewa isivyo haki.
Mdai na mdaiwa: anayepeleka madai kortini, na anayedaiwa.
Muungano wa kampuni: kampuni mbili au zaidi kuwa chini ya mwenye mmoja.
Uanagenzi: kujifunza kazi chini ya mwenye ujuzi.

MAZOEZI

1. Eleza tofauti kati ya kufutwa kazi na kupunguzwa. Toa mfano wa kila moja.
2. Mfanyakazi amepunguzwa baada ya miaka 6 kamili. Malipo yake ya siku ni shilingi 700. Atalipwa angalau kiasi gani kwa miaka hiyo?
3. Maduka mawili yanauza sukari kwa bei moja. Ni jambo gani lazima lithibitishwe kabla ya kusema yamevunja sheria ya ushindani?
4. Andika upya sentensi hii kwa Kiswahili ambacho nyanya yako ataelewa bila kuuliza: "Mpokeaji anakiri kwamba malipo haya yanatamatisha madai yake yote dhidi ya mwajiri."
5. Mjadala wa chama, muhula wa pili: "Wakili anayewatetea waajiri hawezi kuwa rafiki wa wafanyakazi." Jiandaeni. Mimi bado natafuta upande wa kukaa.